Andika Neno Kuvu Kwenye Fomu

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi, wahudumu wa afya ya jamii na wanafunzi wa uuguzi waliokusanyika Jumamosi moja katika ukumbi wa kanisa, Makadara, Nairobi. Wengi waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyatamka.

Mchungaji wetu, wazee, akina mama na akina baba mlioacha biashara siku ya Jumamosi mkaja hapa, wahudumu wa afya ya jamii, wanangu wanafunzi: itifaki zote zimezingatiwa. Hamjambo?

Asanteni. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kwa miaka 27 nimeinamia darubini, na mara nyingi kilichokuwa chini ya darubini hiyo ni makohozi. Ni kazi ninayoipenda, na leo nitawaeleza jambo moja tu nililojifunza ndani yake, nililojifunza kwa uchungu.

Mnaiona simu hii mezani. Upande wa pili yuko mpwa wangu, mtoto wa kaka yangu, yuko nyumbani, mtaa wa Umoja, anatusikiliza. Ana miaka 19. Nitakayoyasema yanamhusu yeye, naye ameniruhusu kuyasema, lakini hakuweza kuja, kwa sababu tuliarifiwa kwamba ukumbini humu kuna binti mwenye ugonjwa kama wake, sistiki fibrosisi. Watu wawili wenye ugonjwa huu hawafai kuketi chumba kimoja. Kila mmoja hubeba kifuani bakteria ambao sisi wengine hawatudhuru, na akikohoa anaweza kumwambukiza mwenzake bakteria sugu kuliko wale alio nao. Wanashauriwa wasikaribiane chini ya mita mbili, hata wakiwa nje uwanjani. Mwanangu uliyeketi pale dirishani na mama yako, karibu sana. Amesema nikusalimie.

Nianze na mahindi, maana mahindi tunayajua. Mwaka 2004, sehemu za Makueni na Kitui, watu walikula mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Waliougua walikuwa 317, na 125 kati yao wakafa. Tangu mwaka huo neno sumukuvu limeingia hadi jikoni. Mama anayenunua gunia Gikomba leo huuma punje asikie kama imekauka, huinusa, hutupa ile iliyobadilika rangi. Kuvu iliyotoa sumu ile inaitwa Aspergillus flavus. Ninayotaka kuizungumzia ni ndugu yake wa ukoo mmoja, Aspergillus fumigatus. Hii haiji na sahani ya ugali. Inaingia na pumzi.

Ukoo huo ulipewa jina mwaka 1729 na padri Mwitaliano, Pier Antonio Micheli, aliyekuwa mtaalamu wa mimea huko Florence. Alipoitazama kuvu hiyo kwa karibu aliona kijiti chembamba chenye kichwa kilichozungukwa na chembe pande zote, akakumbuka chombo ambacho padri hutumia kuwanyunyizia waumini maji ya baraka. Wakatoliki mlio hapa mnakijua. Mimi nimekiona kichwa hicho mara nyingi, na kila mara nimeona kwamba yule padri alitazama vizuri.

Zile chembe ndizo mbegu zake. Kila moja ina upana wa mikromita mbili au tatu hivi. Ukizipanga ubavu kwa ubavu kwenye upana wa unywele mmoja wa kichwa, zitaenea zaidi ya 20. Hapa tulipo, kila mmoja wetu huvuta mamia ya mbegu hizo kila siku. Zinatoka kwenye majani yanayooza, kwenye takataka, kwenye vumbi la nafaka, kwenye mboji. Ukitia mkono katikati ya lundo la mboji lililoiva utautoa haraka kwa sababu ya joto, na hapo penye joto la digrii 50 ndipo yenyewe inastawi. Joto la mwili wetu, digrii 37, kwake si kitu.

Basi kwa nini sote hatuumwi? Ndani ya njia za hewa kuna ute mwepesi, na chini ya ute huo kuna vinyweleo vinavyopiga kasia usiku na mchana kuusukuma juu kuelekea kooni, pamoja na vumbi na mbegu zilizonata. Tunaumeza bila hata kujua. Mbegu zinazoponyoka zikafika chini kabisa hukutana na seli za ulinzi zinazozimeza. Kazi hiyo inafanyika kifuani mwako sasa hivi, huku umeketi.

Sasa mfikirie mtoto ambaye ute wake hausogei.

Ugonjwa wa mpwa wangu, kama nilivyosema, ni sistiki fibrosisi. Mtoto huzaliwa nao. Hupokea jeni moja yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wenyewe ni wazima kabisa, hawana dalili yoyote. Wazazi wa namna hiyo, kila mimba yao ina uwezekano wa moja kati ya nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Akina baba, hapa naomba mnisikie: huo ugonjwa hautoki upande wa mama peke yake, wala si laana ya kwao. Nimeona ndoa zikivunjika kwa neno hilo.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1989. Kazi yake ni kutengeneza mlango wa kupitishia chumvi kwenye ukuta wa seli. Mlango ukikwama chumvi haipiti, na chumvi isipopita maji nayo hayaifuati, ndipo ute unapokuwa mzito kama uji uliolala. Kwenye jasho mambo ni kinyume: chumvi ambayo ingerudishwa mwilini kabla jasho halijafika nje huachwa hapo juu ya ngozi. Ukimbusu mtoto kwenye paji la uso unaonja chumvi. Akicheza kwenye jua la Januari kisha jasho likakauka, utaona unga mweupe kwenye nywele za kando ya masikio. Watu wa kale wa Ulaya walikuwa wakisema kwamba mtoto ambaye ukimbusu unaonja chumvi hataishi. Siku hizi, katika nchi zenye matibabu kamili, wengi wa wenye ugonjwa huu ni watu wazima wenye kazi zao na watoto wao.

Kongosho nalo huziba. Vimeng'enya vya kusagia mafuta havifiki kwenye chakula, na mafuta hutoka kama yalivyoingia. Mtoto anakula vizuri, hata kuliko wenzake, lakini choo chake ni kingi, kina mafuta, kinanuka kupita kiasi, na mizani haipandi. Mpwa wangu alikuwa hivyo hivyo. Wifi yangu alikuwa akimpeleka kliniki na kadi yake, naye anaambiwa mbele ya akina mama wengine kwamba hamlishi mtoto. Alikuwa akirudi nyumbani analia, kisha anampikia tena.

Alipofika miaka sita kikohozi kikaanza. Akapewa dawa za TB kwa miezi sita. Akapata nafuu kidogo, kikarudi. Alipokuwa na miaka minane akapewa tena. Katika karatasi zote nilizozikusanya sijaona hata moja iliyosema bakteria wa TB wameonekana. Siwalaumu waliomwanzishia. Kenya imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na mtoto mwembamba anayekohoa katika jiji hili, daktari mwenye huruma huitanguliza TB. Aliyetuokoa ni afisa wa kliniki, kijana mdogo, aliyemtazama vidole. Ncha zilikuwa zimevimba kama rungu. Akamuuliza wifi: mama, jasho la huyu mtoto lina chumvi? Wifi akaduwaa. Alikuwa akijua kwa miaka tisa na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kipimo cha jasho hakina maumivu. Dawa inayoitwa pilokapini hupakwa mkononi, umeme hafifu huisukuma iingie kwenye ngozi, jasho hukusanywa kwa nusu saa, kisha kloridi yake hupimwa. Njia hiyo ipo tangu mwaka 1959. Kiwango kikifika 60 au zaidi, ni ugonjwa huo. Chake kilikuwa 104.

Tukajifunza. Vimeng'enya vya kapsuli kila anapokula. Chumvi ya ziada, jambo ambalo bibi yake hakulikubali mpaka alipoelezwa mara tatu. Kugongwa mgongo na kufanyishwa mazoezi ya kupumua asubuhi na jioni ili ute utoke. Mtoto akanenepa, akacheza mpira. Kwa miaka minne tulidhani tumemaliza kujifunza.

Hapa ndipo penye uchungu wangu.

Alipokuwa na miaka 13, mvua ndefu zilipopita, alianza kubanwa kifua usiku kama mtu wa pumu. Antibiotiki zilizokuwa zikimsaidia hazikusaidia. Akawa anakohoa vipande vigumu vya rangi ya kahawia, vidogo, vyenye umbo la mrija vilimotoka. Eksirei ilionyesha kivuli upande wa kulia juu. Daktari akaandika fomu: makohozi, AFB. Ni herufi tatu tunazoziandika kila siku, maana yake tafuta bakteria wa TB. Na sampuli ikaletwa kwangu, katika maabara niliyokuwa nikifanya kazi.

Niliipaka kwenye slaidi, nikaipitisha motoni, nikatia rangi nyekundu, nikaiosha kwa asidi, nikatia ya buluu. Bakteria wa TB hushika ile nyekundu wala asidi haiwezi kuiondoa, ndiyo namna ya kuwatambua. Nilitazama sehemu 100 za slaidi kama inavyotakiwa. Hapakuwa na bakteria wekundu. Lakini palikuwa na nyuzi. Nyuzi za buluu iliyofifia, zenye vikato ndani yake, zikigawanyika kama tawi linavyochipuka kwenye tawi, kwa pembe ya digrii 45. Niliziona. Nilijua ni nyuzi za kuvu. Kisha nikaandika: AFB hazikuonekana. Nikatia sahihi, nikachukua slaidi inayofuata.

Fomu haikuwa imeuliza kuhusu kuvu. Nilikuwa na slaidi nyingine 40 zinanisubiri. Nilijiambia ni uchafu wa kikopo. Nimeyapanga maneno hayo kichwani mwangu usiku mwingi, na hakuna hata moja linalonitosha, kwa sababu yule alikuwa mtoto wetu.

Akaanzishiwa dawa za TB mara ya tatu. Ilipita miezi minne kabla daktari wa kifua hajatazama eksirei mbili pamoja, akaona kwamba kivuli kimehama kutoka juu kulia kwenda chini kushoto. TB haihami hivyo. Akaagiza damu ipimwe IgE, kingamwili za mzio. Zilizidi 2,000. Akaagiza ipimwe IgE ya Aspergillus yenyewe, ikawa juu. Akaagiza makohozi yaoteshwe kuvu, ikaota. Ile sahani niliiona kwa macho yangu, kijani cha moshi katikati na pindo jeupe.

Hali hiyo madaktari huiita aspajilosisi ya mzio. Ilielezwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1952, kwa wagonjwa wa pumu, na kwa watu wenye sistiki fibrosisi humpata takriban mmoja kati ya kumi. Kuvu haili pafu. Inanasa tu kwenye ule ute mzito, inachipua, na mwili unaikasirikia. Seli za mzio humiminika, ute unazidi kuwa mgumu, vile vipande vya kahawia vinaziba mirija, na mirija inapanuka kwa namna ambayo hairudi tena. Kila mwezi unaopita bila kuitambua hali hiyo, kiasi fulani cha pafu kinapotea. Mpwa wangu alipoteza miezi minne.

Wanafunzi, hili ndilo nililojia. Maabara hujibu swali iliyoulizwa. Mashine ya GeneXpert, ambayo imeokoa watu wengi sana jijini humu, ikiwekewa kipimo cha TB inatafuta DNA ya bakteria wa TB na usugu wao kwa rifampisini, dawa ya TB. Haitafuti kingine. Ukituma makohozi ya kuotesha bakteria, tutayaweka kwenye sahani za bakteria na baada ya siku mbili tutazitupa. Kwa mtu mwenye sistiki fibrosisi sahani hizo hujaa Pseudomonas, bakteria wa kijani wenye harufu tamu kama zabibu, anayewafunika wengine wote. Kuvu inataka chakula chake, agari ya Sabouraud iliyotiwa antibiotiki za kuwazuia bakteria, na inataka subira. Aspergillus huonekana baada ya siku chache. Kuna nyingine iitwayo Scedosporium, sugu kwa dawa nyingi, inayoweza kuchukua wiki au zaidi. Ukitupa sahani siku ya pili, jibu litasema hakuna kitu, na jibu hilo litawekwa kwenye faili la mtoto kama ukweli.

Kwa hiyo ukiandika fomu, andika neno kuvu. Andika na jina la ugonjwa alio nao mgonjwa. Maneno hayo mawili yanabadilisha sahani tunayochukua kabatini na siku tunazoingoja. Na wewe wa maabara, ukiona usichoulizwa, kiandike. Pembeni, kwa kalamu, hata kama fomu haina nafasi. Piga simu wodini.

Mambo hayo hayo yako kwenye kipimo cha jeni. Hitilafu inayojulikana sana, iitwayo F508del, ndiyo iliyoenea kwa watu wenye asili ya Ulaya, na vipimo vingi vilitengenezwa kwa kuwatazama wao. Kwa Waafrika kuna nyingine, kama 3120+1G→A iliyopatikana kwa wagonjwa weusi wa Afrika Kusini. Ukimpima mtoto wa Kayole kwa kipimo kinachotafuta zile za Ulaya tu, atatoka mzima kwenye karatasi huku jasho lake ni chumvi tupu. Ndiyo maana mimi husema tuanze na jasho. Na kila anayesema huu ni ugonjwa wa wazungu, mwambieni aje Umoja.

Nikishasema hayo, lazima niseme na upande wa pili, nisije nikawatia hofu. Kuvu ikiota kwenye sahani, haimaanishi mtu anaumwa na kuvu. Candida, kwa mfano, kuvu ya aina nyingine, hukaa kinywani, na mtu akitema mate badala ya kohozi la kifuani tutaiotesha kila siku bila maana yoyote. Hata Aspergillus yenyewe inaweza kukaa kwenye ute wa mtu mwenye sistiki fibrosisi kwa muda mrefu bila vurugu. Daktari huangalia mambo pamoja: anapumuaje, kipimo cha mapafu kimeshuka, IgE imepanda kuliko mwaka jana, eksirei inasema nini. Mzazi asikimbilie duka la dawa River Road na jibu la maabara mkononi.

Dawa zenyewe zinahitaji macho. Mpwa wangu alipewa prednisoloni, steroidi ya kutuliza mzio, akaipunguza polepole kwa miezi, na itrakonazoli ya kuipunguza kuvu. Prednisoloni hupandisha sukari na kulegeza mifupa, na watu hawa tayari wako karibu na kisukari kwa sababu ya kongosho. Kapsuli ya itrakonazoli humezwa na chakula, nayo inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke. Mtoto akiwa anatumia omeprazoli kwa kiungulia, na wengi wao wanatumia, dawa inapita bure. Anayepuliza dawa ya pumu yenye budesonidi au flutikasoni amwambie daktari, maana itrakonazoli huifanya steroidi hiyo irundikane mwilini. Ini nalo lipimwe mara kwa mara.

Na rifampisini, dawa kuu ya TB, huiharibu itrakonazoli mwilini hadi isibaki ya kufaa. Ndugu zangu, hebu litazameni hilo vizuri. Mtoto akipewa dawa za TB kwa kubahatisha, huku anapewa na za kuvu kwa tahadhari, ya kwanza inaifuta ya pili. Anameza zote mbili kwa uaminifu, kila siku, na kuvu haiguswi.

Kuna na hili la usugu. Dawa zinazopulizwa mashambani kuua kuvu kwenye maua na mboga ni za jamii moja na itrakonazoli. Mwaka 2018 watafiti wa hapa kwetu walichapisha habari za Aspergillus fumigatus waliyoipata katika udongo wa Naivasha na Nairobi, na baadhi yake tayari ilikuwa sugu kwa dawa hizo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaiweka kuvu hiyo kwenye kundi la kwanza la kuvu hatari zaidi duniani, kundi lenye nne tu. Mgonjwa asipopata nafuu kwa dawa, maabara iulizwe na kuhusu usugu.

Wengi wenu hamna mtoto wa namna hii, lakini mna baba au dada aliyepona TB. TB ikiacha tundu kwenye pafu, kuvu hii hii huweza kuota humo kama tonge, na mtu akaanza kukohoa damu miaka kadhaa baadaye. Mara nyingi anarudishiwa dawa za TB. Wahudumu wa afya ya jamii, ninyi ndio mnaofika nyumba kwa nyumba. Mkimkuta aliyemaliza dose yake, makohozi hayana bakteria, na bado anakohoa na kukonda, msimwache arudie dawa zile zile kabla hajapimwa kuvu.

Nyumbani hatumfungii kijana ndani. Anatembea, anapanda matatu, anaenda chuo. Kuna kazi chache tu tumemwondolea: hageuzi mboji, hafagii banda la kuku, hapukuchui mahindi, hapiti karibu na nyumba inayobomolewa kama kuna njia nyingine. Kile chumba alichokuwa akilala kilikuwa na ukuta unaovuja maji ya bomba la jirani, na nyuma ya kabati tulikuta ukungu mweusi ukubwa wa mkeka. Tukaling'oa, tukaziba bomba, tukapaka upya, na kaka yangu akamhamishia chumba chenye jua la asubuhi. Kikombe cha nebulaiza, kifaa anachovutia dawa kifuani, huoshwa kila baada ya kutumika, huchemshwa, hukaushwa kabisa. Unyevu ukibaki humo, kesho atavuta alichokiotesha.

Mwaka 2019, mwezi Oktoba, Marekani iliidhinisha vidonge vinavyounganisha dawa tatu, vinavyousaidia ule mlango wa chumvi ufunguke. Si kila hitilafu ya jeni inavisikia, lakini kwa wale wanaofaa, ute unalainika, uzito unapanda, watu waliokuwa wakingoja kupandikizwa mapafu wamerudi kazini. Bei yake huko, vilipoidhinishwa, ilikuwa takriban dola 311,000 kwa mwaka. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Mpwa wangu hajavipata. Mimi naamini siku moja vitafika hapa kwa bei ambayo kaka yangu ataiweza, nami nataka siku hiyo imkute akiwa na mapafu ya kufaa kutibiwa. Ndiyo sababu kila IgE yake naiandika kwenye daftari langu, kwa tarehe. Ya mwezi uliopita ilikuwa 310.

Nimekuja na vikopo 60 vya makohozi na fomu 60 zisizo na jina. Kabla hamjaondoka tutazijaza pamoja, kila mtu na kalamu yake, tuone tunaandika nini kwenye ile nafasi ya chini. Lakini kwanza nitaongeza sauti ya simu, kwa maana mwenye kifua yuko hapa na anataka kuwasalimu mwenyewe. Baba, unatusikia? Wako tayari. Waambie kwanza kama umemeza kapsuli, kisha uwaambie mengine.